Seva Mbili za Benki ya Damu

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, palikuwa na benki ya damu ya hospitali iliyoweka kumbukumbu zake zote kwenye seva. Seva ikizimika, hakuna aliyejua damu ya kundi gani iko friji gani. Watu watatu wa mkataba wakapewa kazi: hakikisheni kumbukumbu hazikatiki.

Wa kwanza Nyamizi, kiongozi wao, mama anayelea watoto watatu peke yake. Akaweka seva ya pili. Kila kilichoandikwa kwenye ile ya kwanza, seva kuu, ya pili ilikinakili papo hapo. Kuu ikifa, ya pili ishike kazi.

Wa pili Shija. Akasema, "Dada Nyamizi, waya kati yao ukikatika je? Ya pili itadhani kuu imekufa, ijifanye kuu. Chupa moja ya damu itaahidiwa wagonjwa wawili." Akaweka mashine ndogo jengo la maabara, iwe shahidi. Ya pili haishiki kazi mpaka shahidi akubali kwamba kuu imekufa kweli.

Wa tatu Luhende. Huyu hakuweka kitu. Kila Ijumaa alizima seva kuu makusudi, aone kama ya pili itaamka. Wauguzi wakamchoka.

"Luhende, leo tena? Huna mke wa kumsumbua?"

"Sina. Ndiyo maana nawasumbua nyie."

Ijumaa moja akachomoa waya ukutani, seva zote mbili zikazimika. Nyamizi alikuwa amezichomeka kwenye ekstensheni moja, pamoja na birika la chai.

"Dada, hii kazi yako?"

"Yangu. Usipige kelele."

Luhende akaihamishia ya pili kwenye laini nyingine ya umeme. Hakumwambia mtu mwingine.

Wiki iliyofuata umeme ukaja kwa nguvu kwenye ile ekstensheni. Seva kuu ikaungua, birika likaungua. Wodini mzazi alikuwa anavuja damu. Shahidi akakubali, ya pili ikashika kazi, muuguzi akaiona chupa ilipo. Mzazi akapona.

Mganga mfawidhi, mkuu wa hospitali, akawaita. "Ajira ya kudumu ni moja. Wawili mtaondoka. Semeni kila mmoja alifanya nini."

Nyamizi akasema, "Bila nakala yangu, hakuna ambacho kingeamka."

Shija akasema, "Na bila shahidi wangu, hiyo nakala ingeweza kuua mtu siku yoyote."

Luhende akamtazama Nyamizi, kisha akatazama sakafu. "Mimi nilikuwa nazima na kuwasha tu, mganga."

"Hilo wauguzi wameshaniambia," mganga akasema. "Nyamizi, wewe ndiye uliyewaongoza. Taja jina moja, nami nitalipitisha. Hata likiwa lako."

Nyamizi akawafikiria wanawe. Akamfikiria Luhende, aliyeficha kosa la ekstensheni kwa ajili yake. Shija naye hakuwa amekosea popote.

Akafungua kinywa.

Haya, nyie mliosikia yote, hata lile asilolijua mganga: je, Nyamizi alipaswa kumtaja nani?