Siku ya Kumsifu Bibi Kalunde

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama watu wenye homa? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, sasa mmeamka.

Hapo zamani, kabla babu zenu hawajaota meno, palikuwa na kijiji kilichokunywa maji ya mto mmoja. Mto ulianzia kwenye chemchemi, na chemchemi ilikuwa na mlinzi. Nani? Bibi Kalunde, kikongwe mwenye fimbo ndefu na mdomo mkali kuliko fimbo.

Ukileta ng'ombe, "Toka!" Ukileta nguo chafu, "Toka!" Ukileta panga la kukatia matete yanayoikinga chemchemi isikauke, huulizwi neno, unasikia tu mgongoni, chwa! Watu wakamwita mkorofi. Naye akawajibu, "Mkorofi ndiye aliyewanywesha leo asubuhi!" Lakini msimwone mkali vile. Akirudi kwake alinung'unika, "Hata ahsante? Hata siku moja?" Ilimuuma, jamani.

Ukaja mwaka wa kiangazi kikali. Mito ya jirani ikakauka yote. Wao mto wao chururu, chururu. Jumbe Kasanda, mkuu wa kijiji, akajipiga paja. "Kumbe yule mkorofi ametuokoa! Kesho tunamsifu!"

Sasa sikilizeni. Desturi ya kijiji kile, mtu husifiwa pale pale anapofanyia kazi. Mhunzi penye mivukuto yake, mfinyanzi penye vyungu vyake. Basi Bibi Kalunde asifiwe wapi? Ehee! Chemchemini, kijiji kizima.

Bibi akaoga, akajipaka mafuta, akavaa kaniki mpya. Akakalishwa kwenye kigoda, moyo unamdunda kama bibi harusi. Ngoma zikaanza, ndu! ndu! Wachezaji wakakanyaga matete, pwacha, pwacha! Bibi akafumba jicho moja. "Ni siku yangu," akajiambia. "Nyamaza, Kalunde." Wapishi wakatumbukiza vyungu vyenye masizi, chubwi! Akafumba na jicho la pili. Masikio je, atayafumba na nini? Maana Jumbe alisimama akahutubia, "Bibi huyu ametulindia matete yetu!" na nyuma yake vijana, kwacha, kwacha, wanayakata wamjengee Bibi kivuli.

"Na ng'ombe wa karamu," akasema Jumbe, "mchinjeni hapo ukingoni, damu ichukuliwe na maji."

Wee! Bibi aliruka kutoka kigodani kama amekalia siafu.

"Tokaaa!"

Chwa! Mpishi. Chwa! Mpiga ngoma. Ng'ombe akakata kamba akatimua mbio, na siku ile hakuna aliyefurahi kuliko yeye. Jumbe akarudi nyuma, akateleza, pwaa! Tope hadi kidevuni. Watu wakatawanyika.

Bibi akaketi akalia. Siku moja tu ya kushukuriwa, na ameifukuza kwa mikono yake mwenyewe.

Jumbe akajikwamua topeni, akayatazama maji. Yalikuwa meusi. Akaona haya.

"Bibi, tumekosa. Tulitaka kukupa joho."

"Joho nilivalie wapi? Tangu nianze kulinda hapa sijaenda harusi hata moja. Hata ya mwanangu niliishia kusikia vigelegele kwa mbali."

Jumbe akanyoosha mkono.

"Nipe fimbo."

"Ya nini?"

"Leo kuna harusi kwa kina Mhoja, nyuma ya kilima. Nenda ukacheze. Zamu ni yangu. Kesho ni ya jirani yangu, na kila nyumba itashika yake."

Bibi akaenda, akigeukageuka nyuma. Hajafika mbali, akasikia mtu anafoka kuliko hata yeye.

"Wewe mama! Toka na nguo hizo majini!"

"Mume wangu, si kanzu yako hii uliyoivua, yenye tope?"

"Hata kama ni yangu! Tokaaa!"

Bibi akacheka hadi akashika mbavu. Akashika njia ya harusini, na hakugeuka tena.

Basi wanangu, anayewalindia maji msimpigie vigelegele mkaondoka. Mpokeeni zamu, naye akacheze. Hadithi yangu naisimamisha hapa ukingoni. Nikiongeza hatua moja, nitachapwa.