Pembe ya Kiboko na Timu ya Mafuko

Paukwa.
Pakawa.
Nisimulie au ninyamaze?
Simulia, ila hadithi iwe ya kucheka.
Ya kucheka sinayo. Sikilizeni hiyohiyo.

Palikuwa na vyuo viwili vya wanyama. Chuo cha Mtoni walicheza mpira kwa macho. Chuo cha Chini walikuwa mafuko, na fuko haoni, kwa hiyo walicheza kwa masikio. Mpira ulifungwa njuga, chiri chiri chiri, nao wakaufuata. Msimu ule walishafungwa mechi zote. Wakifungwa moja tu tena, timu inafutwa.

Siku ya mechi ya vyuo hivyo viwili, Kiboko, shabiki wa Mtoni, akaja na pembe ndefu. Vuuu! Njuga hazisikiki. Bao. Vuuu! Njuga hazisikiki. Bao la pili. Mafuko wamesimama tu uwanjani, hawajui mpira uko wapi. Iliniuma kuwatazama.

Mapumziko, nahodha wao Bi Fuko akamwendea Kobe, mwenyekiti wa kamati.

"Mzee, tunaomba pembe zipigwe marufuku."

"Andika barua. Kamati itakaa."

Akaandika. Kisha akamwendea Kiboko, asiyeshiba kusikika.

"Shikamoo babu. Pembe yako tamu, ila golini kwenu wanasema haivumi."

"Nani kasema?"

"Wote. Simama nyuma ya goli lenu, uwaoneshe."

Kiboko akaenda. Vuuu! Kipa wake, Nyumbu, akaziba masikio kwa mikono yote miwili. Mafuko wakaubana mpira miguuni, wakausukuma kama wanavyosukuma udongo, wakaelekea pembe inakolia. Vuuu! Bao. Vuuu! Bao. Vuuu! La tatu.

"Babu, utatumaliza," akasema Nyumbu.

"Niache, nasikika."

Mechi ikaisha tatu kwa mbili. Mafuko wakalia kwa furaha.

Kesho yake kamati ikakaa. Kobe akaisoma barua, akaikunja.

"Bi Fuko, pembe mmeshinda nayo wenyewe. Tuikataze kwa lipi? Kila shabiki aje na yake."

Mechi iliyofuata, pembe zililia pande zote nne. Vuuu huku, vuuu kule. Mafuko wakasukuma mpira mpaka golini kwao wenyewe, mara sita. Timu ikafutwa. Bi Fuko hakumlaumu mtu. Alirudi shimoni, na njuga akazizika.

Fundisho, wanangu: anayekupigia kelele mwombe aongeze, utashinda, mara moja tu.

Hadithi imefika ukingoni. Anayeitaka aichukue, mimi imenichosha.