Vyura Waliponyamaza Ziwani

"Yungiyungi huchanua hata juu ya mamba, chura hunyamaza." Mmemsikia shangazi yenu akimwambia hivyo binti yake kuhusu yule mchumba mwenye maneno matamu, nanyi mkacheka. Basi tulieni. Methali hii ilianza hivi, na ilianza kwa hofu, si kwa kicheko.

Mwaka mmoja wa njaa, wanawake wa kando ya Mto Tana walikuwa wakienda kwenye ziwa dogo kuchimba viazi vya yungiyungi. Walikuwa na desturi yao. Ukifika ukingoni, vyura hunyamaza kwa kusikia miguu yako. Simama kimya, ungoje. Wakianza tena kulia, ingia. Wasipolia, ujue wanamwogopa mwingine, si wewe.

Asubuhi moja alikuja Habona, aliyeolewa kutoka nchi kavu isiyo na mto wala ziwa, mtoto mgongoni, pamoja na mavyaa yake, mama wa mumewe, Hawayu. Vyura wakanyamaza. Wanawake wale wawili wakangoja sana. Kimya. Mtoto alilia kwa njaa mpaka sauti ikamkauka.

"Mama, tazama maua yalivyofunguka," Habona akasema. "Maji yenyewe yametulia. Tunangoja nini?"

"Tunangoja vyura, mwanangu."

"Mtoto wangu afe kwa kumngoja chura?"

Akaingia. Maji yakamfika magotini. Hawayu akamnyoshea mkono, asimfikie. Habona akainama, akashika shina. Hatua tatu mbele yake, yungiyungi moja likasogea, na upepo haukuwapo.

"Habona! Rudi!"

Hawayu akajitosa, akaikamata mbeleko kwa mikono miwili, akavuta. Wakaanguka kinyumenyume matopeni. Mataya ya mamba yakafumbana, na kikapu kilichomponyoka Habona kikavunjika mbele ya macho yao.

Wakatambaa hadi juu ya ukingo. Maji yakatulia tena. Maua yalikuwa vilevile, meupe, wazi, utadhani hapakuwa na jambo. Vyura hawakulia mpaka jua la utosi.

Siku hiyo walirudi mikono mitupu. Walilala njaa, lakini walilala watatu.

Miaka ikapita, Habona naye akapata wakwe, wake za wanawe. Walipomsumbua ukingoni, wakimwonyesha maua na kumuuliza anangoja nini, yeye aliishika mbeleko ya aliye karibu, akaikaza mkononi, akasema: "Yungiyungi huchanua hata juu ya mamba, chura hunyamaza."