Kwa Nini Kivumbasi Hakinukii Mpaka Kifikichwe

Hapo kale, kivumbasi kilipokuwa hakijajua kununa, kilinukia chenyewe bila kuguswa. Kilimea milangoni na chini ya madirisha, na mbu wakikisikia kwa mbali hugeuza njia. Watu walilala milango wazi, wala hawakujua wanalindwa na nani. Cha bure, nyie, kina nani wa kukishukuru?

Katika kijiji kimoja cha bondeni aliishi Kache, mke wa Nyiro, na binti yao Mbeyu aliyekuwa ndiyo kwanza anatambaa. Nyiro akaumwa na nyoka shambani, akafa. Watu wa kijiji kile walikuwa na desturi yao: penye msiba, kila mmea wenye harufu nzuri hung'olewa, eti marehemu asije akaifuata harufu ya kwake akarudi kumchukua ampendaye.

Mama mkwe wake Kache akaja na jembe. Kache alisita, maana kivumbasi kile alikipanda mumewe siku walipohamia. Akaomba kifunikwe tu mpaka matanga yaishe. Mama yule akamwuliza kama anataka mwanawe achukuliwe. Jamani, mzazi gani atalijibu swali hilo? Kache akalishika jembe mwenyewe, akaking'oa, akakitupa jaani.

Mbu wakaingia. Haukupita muda Mbeyu akashikwa na homa kali, akawa hata ziwa halitaki. Mkwewe akasema ni baba mtu anamwita, akaanza kufukua mizizi iliyobaki. Kache hakumsikiliza tena. Alikimbilia jaani, akakikuta kivumbasi kimelala katikati ya taka, majani yangali mabichi lakini harufu hakuna. Akapiga magoti, akakibembeleza kimrehemu mtoto.

Kivumbasi kikasema, "Nilinukia bure mkanifanya adui. Sasa anitakaye aniumize kwanza."

Kache akayafikicha majani viganjani mpaka yakatoa maji, na harufu ikapanda. Akarudi mbio akampaka mwanawe mwili mzima. Mbu wakatoka nyumbani wote. Lakini homa ilikuwa imeshaingia, nayo homa haina pua. Kabla jua halijatua, Mbeyu akafa mapajani mwa mamake.

Mkwewe alipoisikia harufu ile msibani akalishika tena jembe. Kache hakuinuka. Alinyoosha viganja vyake vilivyojaa utomvu.

"Mama, ukitaka kuiondoa harufu humu ndani, anza na mikono hii."

Mama yule akaliweka jembe chini, akalia. Kivumbasi kikapandwa tena mlangoni.

Na tangu siku hiyo kivumbasi hakinukii kwa hiari. Apitaye mlangoni hukipangusa kwa mkono, kiumie kidogo ili nyumba ilale. Penye msiba haking'olewi, hutiwa maji. Na mtoto mchanga akiletwa nyumbani, jani lake hufikichwa na mamake mwenyewe, mapema, kabla mbu wa kwanza hajalia.