Boriti Iliyoshuka Sentimita Nane

Mambo haya yalianza Jumanne, tarehe kumi na nne Mei, saa nne na dakika ishirini asubuhi, kwenye saiti ya chumba cha upasuaji cha hospitali ndogo ya masista, kwenye milima ya kahawa kule kusini. Nawapa watu watatu. Washikeni vizuri, maana mwishoni nitawadai jibu.

Wa kwanza ni Haule, fundi wa zege. Kipaji chake ni utepe: hapiti chini ya boriti bila kuipima, hata ile aliyoipima jana.

Wa pili ni Digna, injinia kijana. Yeye alitunza jengo la kwenye kompyuta: kila ukuta, kila boriti, kila bomba lilikuwa humo na kipimo chake, na kila fundi aliliona kwenye simu yake. Sharti lake lilikuwa moja: kinachobadilika saiti kiingie humo siku hiyohiyo. Mafundi walimwita Mama Sentimita, ingawa hana mtoto.

Wa tatu ni Mapunda, fundi wa mabomba ya hewa. Mwonyeshe chumba mara moja, atakuambia hewa iingilie wapi na itokee wapi.

Saa hiyo niliyoitaja, Haule alipima boriti kubwa ya chumba cha upasuaji, zege lake limeshakomaa. Utepe ulisoma mita tatu na sentimita ishirini, sawasawa na mchoro. Hicho ndicho kilichomshtua. Mchoro huhesabu kutoka juu ya vigae, na vigae vilikuwa havijawekwa. Kikosi chake kilikuwa kimehesabu kutoka sakafu ghafi; vigae na saruji ya chini yake vikiwekwa, vitakula sentimita nane.

Hakuna mwingine aliyejua. Mabomba ya hewa yalikuwa yakatwe kiwandani Ijumaa, na yasipoingia, kuagiza mengine ni miezi sita. Miezi sita ya mama aliyekwama uzazi kupakiwa kwenye gari, kilomita tisini na sita za makorongo hadi hospitali nyingine.

Haule akapiga simu. "Dada injinia, boriti imeshuka. Kosa ni langu. Andika."

"Imeshuka kiasi gani?"

"Nane."

"Nane kamili, au nane ya kukadiria?"

"Njoo upime mwenyewe, Mama Sentimita."

Digna akaja, akapima mara tatu, kisha akaishusha boriti kwenye kompyuta. Bomba kuu la hewa likawa jekundu: lilikuwa limepenya ndani ya zege. Mwingine angeishia hapo. Yeye alikagua jengo zima hadi Jumatano mchana, akapata migongano kumi na moja, mahali ambapo vitu viwili vinagombea nafasi moja. Tisa kati yake hakuna jicho ambalo lingeiona, kwa kuwa ilikuwa juu ya dari ambayo haijajengwa. Akaandikia kiwanda: "Msikate. Vipimo vipya vitafika kabla ya saa sita Ijumaa."

Hivyo vipimo vipya hakuwa navyo. Alijaribu njia nne; zote zilishusha dari, na dari ikishuka taa ya daktari haifungiki.

Alhamisi akaja Mapunda. Akazunguka, mikono nyuma, hadi stoo ya pembeni.

"Humu mnaweka nini?"

"Mashuka," Digna akasema.

"Na mashuka yanataka dari ya mita tatu? Yanaruka?"

Akaonyesha kwa kidole: dari ya stoo ishushwe, bomba lipite juu yake, liingie chumbani kwa ubavu, kando ya boriti badala ya chini yake. Digna akalichora hivyo. Rangi nyekundu ikazimika mahali pamoja baada ya pengine, hadi pa kumi na moja. Ijumaa saa tano na dakika arobaini, vipimo vikaenda.

Juni yakafika mabomba sitini na manne. Halikukatwa upya hata moja. Na Ijumaa ya tarehe kumi na tisa Julai mama mmoja akafanyiwa upasuaji humo, mtoto akalia, na mafundi waliokuwa koridoni wakapiga vigelegele hadi wauguzi wakawanyamazisha.

Sista Fabiola, mkuu wa hospitali, akawaita wote watatu. "Vyumba vyetu vyote vina jina la mtu mmoja, na hiki kitakuwa na la aliyekiokoa. Digna, habari zote za jengo unazo wewe. Kesho mpelekee mchonga mawe jina, alichonge kwenye kibao cha mlangoni."

"Sista, nami ni mmojawapo."

"Najua. Usijipendelee, wala usijinyime."

Nje, Mapunda akacheka. "Haule, umekosea mwenyewe, halafu unataka kibao?"

"Ningenyamaza, wewe ungeokoa nini?"

"Sawa. Na ninyi bila stoo yangu mngekuwa mnajua tu kwamba mmekwama."

"Na bila kompyuta," Digna akasema, "mngehamisha bomba moja, migongano mingine kumi ingewangoja."

Wakatazamana, wakaangua kicheko. Hakuna aliyesema uongo.

Asubuhi iliyofuata, saa moja na nusu, Digna alimpelekea mchonga mawe karatasi. Urefu wa kibao umo, upana umo, kimo cha herufi kimo. Mahali pa jina pako wazi. Akaketi kwenye benchi, kalamu mkononi, na mchongaji akaanza kunoa patasi.

Sasa ninyi mlionisikiliza: aliyekiri, aliyekagua, au aliyeona njia? Mwambieni Digna aandike jina la nani.