Msumari Mtupu Dukani kwa Abu Tamim

Wamesimulia waliotutangulia, Mola awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa Yemen aliishi mshona viriba aliyeitwa Khuzaima bin Aws, pamoja na mkewe Lubaba bint Asim. Viriba vyake vya ngozi vilibeba maji ya misafara, na mshono wake haukuvuja hata tone. Hata hivyo mtu huyu mwema alikaa miaka saba katika deni la Abu Tamim, mfanyabiashara wa nafaka, aliyemkopesha mwaka ule alipougua asiweze kushika kazi.

Abu Tamim hakuwa mla riba, wala hakuwa mtu wa kuchezewa. Alichukua rahani msharasi wa Khuzaima, yaani ile sindano nene ya kutobolea ngozi, akautundika kwenye msumari ukutani dukani mwake. Kwa hisani yake alimruhusu autumie mchana. Basi kila asubuhi baada ya sala Khuzaima alikwenda kuuomba msharasi wake mwenyewe, na kila jua lilipoinama aliurudisha mbele ya macho ya wateja. Ndugu zangu, mtu mzima kuazima kilicho chake, miaka saba! Mimi huona uchungu hata kusimulia.

Nyumbani, kila Lubaba alipopima kibaba cha mtama cha siku, alichota humo konzi moja akaitia katika kiriba kikuukuu kisichofaa tena kwa maji, akisema, "Hii ni ya mwenye haki." Mwisho wa mwezi mtama ule uliuzwa, thamani yake ikaongezwa katika malipo. Kwa rehema za Mola deni likaisha. Khuzaima akarudi nyumbani akiukumbatia msharasi wake huku analia, akaapa kwamba hautarudi kwenye msumari ule maadamu yu hai.

Kesho yake Lubaba akapima kibaba, akachota konzi moja, akaitia kiribani.

Khuzaima akastaajabu. "Ewe bint Asim, mwenye haki si ameshalipwa?"

"Huyo ameshalipwa," akajibu Lubaba. "Lakini jana umeapa, bwana wangu. Kiapo nacho kina haki yake, na hakilipwi kwa machozi."

Khuzaima akakubali, ila nafsi yake haikukubali. Wakati wa deni, hofu ndiyo iliyomwamsha alfajiri, na hofu ndiyo iliyomfunga mkono sokoni. Hofu ilipoondoka, kila kitu sokoni kikaanza kumwita kwa jina. Jirani yake Waddah, seremala mcheshi, alimkuta mchana mmoja akila mtama mtupu, akamtania mbele za watu: "Khuzaima, deni umelipa. Hii njaa nayo umeikopa kwa nani?" Watu wakacheka, naye akacheka nao, lakini neno lile lilimchoma.

Haukupita muda, Lubaba akaenda kisimani, na Khuzaima akafungua kiriba. Alichota vibaba sita, akavibadilisha sokoni kwa nyama ya mbuzi na asali, akala huko huko na wenzake. Lubaba aliporudi akakiinua kiriba, akakiona chepesi. Hakuuliza neno.

Wiki chache baadaye Khuzaima akakiinua yeye, akakuta kimerudia uzito wake. Akamshukuru Mola kwamba mkewe hakutambua. Hata siku moja akarejea nyumbani kabla ya adhuhuri, akamkuta Lubaba anakunywa uji mwepesi, mweupe kama maji ya kuoshea mtama.

"Chakula chako kiko wapi?"

"Kiko kiribani," akasema Lubaba, akiinamisha uso.

"Tangu lini?"

"Tangu kiriba kilipopungua."

Khuzaima akaketi chini kwa kishindo. "Mimi ndiye niliyechukua."

"Najua."

"Mbona hukunambia?"

"Nilikuwa nangoja uniambie wewe."

Allahu Akbar! Subira ya namna hii, wallahi, naistahi. Tangu siku ile Khuzaima hakuhitaji kukumbushwa. Alichota konzi kwa mkono wake, tena katika fungu lake mwenyewe, mpaka akavifidia vibaba sita alivyojinyima Lubaba. Mavuno mapya yalipokuja waliuza mtama wa zamani wakanunua mpya, wadudu wa fukusi wasiwatangulie kuula. Na kila kiriba kilipojaa, Khuzaima alikishona mdomo kwa mshono wake mzuri kuliko yote, wakanunua asali kidogo, wakala pamoja wakimhimidi Mola, kisha wakaanza kingine.

Wakafikisha viriba vinne, na mwaka huo mvua zikakatika. Visima vya njiani vikakauka, misafara ikasimama, na kiriba kikakosa mnunuzi. Watu wakamiminika kwa Abu Tamim kukopa nafaka, ukuta wake ukajaa majembe na visu na vyungu vya shaba. Msumari mmoja tu aliuacha mtupu, kwa kuwa alikuwa na hakika na mtu wake.

Asubuhi moja Khuzaima akaingia dukani amebeba mzigo begani. Abu Tamim akanyoosha mkono.

"Karibu, ndugu yangu. Msumari wako nimekutunzia. Lete msharasi."

Khuzaima akautua mzigo, nao ulikuwa kiriba kilichojaa. "Assalamu alaikum, ewe Abu Tamim. Sikuja kuweka rahani. Nimekuja kukomboa."

"Ukomboe nini, nawe huna kitu hapa?"

"Tezo la Waddah."

Maana seremala alikuwa ameliweka tezo lake mwezi uliopita, na tangu hapo hakuchonga hata mwiko. Abu Tamim akaupima mtama taratibu, akalishusha tezo kutoka ukutani. Kisha akautazama ule msumari mtupu.

"Na huu nifanye nini?"

"Uache vivyo hivyo," akasema Khuzaima, "na Mola akuzidishie."

Waddah alipoletewa tezo lake mlangoni, ucheshi wote ulimwisha. Alilishika kwa mikono miwili, akauliza kwa sauti ndogo, "Umelipa kwa nini, Khuzaima, mwaka huu usio na kitu?"

"Kwa ile njaa uliyoniuliza nimeikopa kwa nani. Wala usinishukuru mimi. Mimi niliiba humo, aliyejaza ni Lubaba."

Wanasema siku ile ile mke wa Waddah alipopima kibaba chake kidogo cha mtama, alisita, kisha akachota konzi moja akaiweka kando.

Wapenzi katika imani, kulipa deni wengi tunakuweza, kwa kuwa mdai hatuachi tulale. Mtihani ni asubuhi inayofuata, mlango ukiwa haugongwi na mtu. Wangapi miongoni mwetu tumelipa Alhamisi, na Jumamosi tukaonekana kwenye kizingiti kile kile tumeshika rahani nyingine? Mola atujaalie konzi ya Lubaba, na atukumbushe kuichota siku ambazo hakuna anayetudai.