Kiboko Alivyolikana Bonde

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakisonga ugali na kuazimana chumvi, bonde zima la mtoni lilikuwa la Kiboko. Alilipataje? Alilala juu yake, basi! Aliyeuliza alionyeshwa meno.

Waliolima walikuwa wengine: Digidigi, Kanga, na Nungunungu na mkewe. Kwa! Kwa! Kwa! Majembe tangu alfajiri. Wakivuna, Kiboko anabeba mihogo, wao anawaachia maganda.

Mwaka mmoja mihogo ilistawi ajabu. Kiboko akatoka majini, chubwi!

"Fungeni virago! Shamba limenona, sasa nalitaka peke yangu."

Nungunungu akaangua kilio. "Tutakwenda wapi? Wanangu wote wamezaliwa kwenye matuta haya!"

"Nyamaza, kaka," Digidigi akamnong'oneza. "Leo Mfalme Simba anapita kuuliza kila bonde ni la nani. Niachie mimi."

Mbio, tipu tipu tipu, mpaka kwa Kiboko.

"Bwana mkubwa! Simba huyo anakuja! Juzi alikula mihogo ya bonde hili, akajishika tumbo, akagaragara chini!"

"Ati nini?"

"Sasa anamtafuta mwenye shamba. Hebu msikie!"

Ngruuum! Vilima vikatetemeka.

Kiboko akaloa jasho. "Kwani nani kasema shamba ni langu?"

"Si wewe, bwana, kila siku?"

"Aa, ule ulikuwa utani!"

Mara Simba akatokea na baraza lake zima. "Bonde hili ni la nani?"

"Si langu!" Kiboko akadakia. "Mimi ni wa majini, ardhi nitaijulia wapi? Ni la hawa wanaolima!"

"Unaapa?"

"Naapa! Hata tuta moja si langu!"

"Mmesikia?"

"Tumesikia!" baraza likaitika.

"Basi tangu leo bonde ni la wakulima hawa. Na hongereni! Juzi mihogo yenu ilinishibisha hata nikagaragara kwa raha."

Kiboko akaachama. "Ee Mfalme, nilikuwa nataka kusema..."

"Umekwisha kusema."

Chubwi! Akazama mtoni, mapovu tu juu.

Nungunungu alicheka mpaka miiba ikamsimama. Alipogeuka kumwita mkewe washangilie pamoja, mkewe alikuwa ameshashika jembe, anagawa matuta, la Kanga hili, la Digidigi lile.

Wanangu, mnyang'anyi wa ardhi huikana siku ya hofu, lakini aliyeitolea jasho haikani kamwe.